Si Kila Kamera Ndogo ni ya Jasusi

Kwanza tuelewane jambo moja. Kamera inayoingia kwenye kiganja cha mkono haikufanyi tajiri. Najua mmeziona zile video. Jamaa ameshika kidude cha chuma, nyuma kuna muziki wa filamu za vita, kisha maandishi makubwa: ukiwa na hii nyumbani, wewe ni milionea. Chini yake watu wamejaa wanauliza "bei gani?" na hakuna hata mmoja aliyejibiwa. Hakujibiwa kwa sababu mwenye video mwenyewe hajui. Yeye anataka utazame mpaka mwisho, basi.

Mimi pia naishi kwa video, sijifanyi malaika. Nazungumzia vitu vya zamani: redio za mbao, cherehani, saa za ukutani, taa za chemni, kamera. Na kwa vitu kama hivyo Malindi si mji wa kawaida. Kule Ngomeni Waitaliano walijenga kituo cha kurushia roketi juu ya majukwaa baharini. Mwaka 1967 setilaiti ya San Marco 2 iliondokea pale, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa nyingine, wakaiita Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wetu. Halafu zikaja hoteli, zikaja nyumba za makuti za Casuarina na Watamu. Watu walikuja na masanduku yao, wengine wakazeeka hapa hapa, wengine wakarudi kwao. Vitu vikabaki. Vingi viko kwa wapishi, kwa mayaya, kwa walinzi na watunza bustani, vimefungwa kwenye kitambaa juu ya kabati.

Kwa hivyo inboksi yangu haikauki. Na ujumbe ambao umenifanya niandike haya ulitoka kwa kijana wa Msabaha. Nauandika kama ulivyokuwa, na ameniruhusu:

"Bro, babu yangu ana kamera ya jasusi. Broka ametoa 3,000. Kuna jamaa wa mtandaoni anasema 20,000 lakini tusiifungue hata kidogo. TikTok wanasema 400,000. Tushike lipi?"

Kijana mwenyewe alikuwa na barua ya chuo cha ufundi mkononi na karo ya muhula wa kwanza haijatimia. Kwake swali hili halikuwa la kupitisha wakati. Nikamwambia asiuze, asifungue, asisafishe, nakuja.

Babu nilimkuta barazani. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, nzuri. Akaniuliza, "Wewe ndiye fundi wa kamera?"

"La babu, mimi si fundi. Mimi naangalia tu ni kitu gani."

"Haya. Angalia."

Alikuwa mpishi wa Mwitaliano mmoja kwa zaidi ya miaka 20. Yule bwana alipofunga nyumba akaondoka, alimwachia vyombo vya jikoni, kitanda, na kijifuko cha ngozi chenye kamera hii. Wajukuu walipokua wakaunganisha mambo wenyewe: Mwitaliano, Ngomeni, roketi, kamera ndogo, basi huyu alikuwa jasusi. Babu anacheka akisikia. Anasema yule bwana alikuwa akiuza mitambo ya maji na alikuwa akiogopa hata mjusi.

Sasa twende kazini. Nitawaeleza nilivyoitambua ili siku nyingine mfanye wenyewe.

La kwanza ni maandishi. Usianze na Google, anza na chuma chenyewe. Soma kila herufi, geuza kila upande, tumia kioo cha kukuzia. Hii ilikuwa imeandikwa MINOX na Made in Germany. Jina la nchi ni kama saa, linakwambia wakati. Ukikuta vile vikamera vidogo vya kuchekesha vya Kijapani, aina ya Hit, vimeandikwa "Made in Occupied Japan", ujue ni vya miaka ile Japani ilipokuwa imekaliwa na Wamarekani baada ya vita, kabla ya 1952. Ukikuta Minox imeandikwa "Made in Latvia", hapo keti chini unywe maji kwanza. Nitarudi kwayo.

La pili ni namna inavyofunguka. Minox haina mlango wa nyuma kama kamera tulizozizoea. Unaivuta kwa urefu, kama kiberiti, lenzi na kitundu cha kuchungulia vinatokea. Ukiisukuma irudi, inajifunga. Kule kuvuta na kusukuma ndiko kunakosogeza filamu na kutega mtambo wa kupiga. Lakini kuweni macho, kwa sababu Minolta 16 ya Wajapani nayo ni ya kuvuta na kusukuma, na Wasovieti waliiga Minolta hiyo wakaiita Kiev Vega. Watalii walikuja na Minolta nyingi, na nikihesabu zile nilizoletewa hapa pwani, nusu ya "kamera za jasusi" ni Minolta 16.

Kwa hivyo la tatu ni rula. Pima kidirisha cha ndani ambapo filamu hupita, maana hapo ndipo picha hukatwa. Minox ni milimita 8 kwa 11, ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Minolta 16 ya kwanza ni 10 kwa 14. Zile Hit ni 14 kwa 14. Kamera za Kodak za mfukoni zinazotumia kaseti ya 110, zilizotoka mwaka 1972 na kujaa dunia nzima, ni 13 kwa 17. Jina laweza kufutika, ngozi yaweza kubadilishwa, lakini kidirisha hakidanganyi. Ila usikimbilie kufungua kabla ya kumaliza kusoma makala hii. Mtaona kwa nini.

La nne ni kuijua aina yenyewe, maana kusema "ni Minox" ni kama kusema "ni Toyota". Toyota gani?

Minox ilibuniwa na Walter Zapp, mzaliwa wa Riga mwaka 1905. Hakuwa anawatengenezea majasusi. Alitaka kamera ambayo mtu angetembea nayo kila siku bila kuhisi mzigo, ile ndoto ambayo simu zetu zimekuja kuitimiza. Kiwanda cha VEF huko Riga, Latvia, kilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1938, na kabla ya vita kuvuruga kila kitu zilikuwa zimetoka kama 17,000 hivi. Hizo ndizo Minox za Riga. Mwili wake ni chuma cha pua, ukiishika unahisi uzito usiolingana na umbo. Nchi iliposhikwa na Wasovieti mwaka 1940, zikatoka chache zenye maandishi ya "Made in USSR", na hizo ni adimu zaidi. Baada ya vita Zapp alianza upya Ujerumani, na kuanzia 1948 Minox zikawa za aluminiamu, nyepesi.

Ya babu ilikuwa nyepesi, na usoni ina kidirisha chenye vichembe kama sega la nyuki. Hiyo ni mita ya mwanga ya selenium, isiyotumia betri. Mwanga wenyewe ndio unaisukuma sindano. Ukiona sega la nyuki kwenye Minox, hiyo ni Minox B, iliyotengenezwa kuanzia 1958 mpaka 1972. Ilitoka kwa wingi kuliko ndugu zake, laki kadhaa. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kitu kilichotoka laki kadhaa, cha watu wenye pesa zao waliokitunza vizuri kwenye kijifuko cha ngozi, kitakuwaje adimu?

Na habari ya ujasusi si uongo mtupu, tuwe wakweli. Kanali wa Kisovieti aliyeitwa Oleg Penkovsky aliwapigia Waingereza na Wamarekani nyaraka za siri kwa Minox mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mmarekani John Walker, wa jeshi la majini, aliyekamatwa mwaka 1985, alitumia Minox kuwapigia Warusi siri za nchi yake. Kamera hii inaweza kupiga kitu kilicho sentimita 20 tu mbele yake, na mkufu wake una vishanga vya kupimia umbali, kwa hivyo karatasi mezani ni kazi rahisi. Lakini jamani, panga lilitumika vitani na bado panga la shambani kwako si la vita. Kamera ni ya jasusi ukiwa na ushahidi wa jasusi: jina, karatasi, picha, mahali ilipotoka. Bila hivyo ni kamera ya muuza mitambo ya maji.

Haya, hali yake sasa. Hapa pwani ndipo tunapoumia. Chumvi ya hewani inakula aluminiamu inaacha vidoa vyeupe. Unyevu unaotesha kuvu kwenye lenzi, kama utando wa buibui ukiangalia kwa tochi. Na kile kijifuko cha ngozi ambacho kila mtu anaona ndicho ulinzi, ndicho kinachokaa na unyevu. Toa kamera kwenye ngozi. Weka kwenye mkebe unaofunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja na viatu vipya. Usiweke kwenye mchele, vumbi la mchele litaingia kwenye mitambo. Usipake mafuta ya cherehani. Usisugue kwa dawa ya meno. Nimeona yote hayo.

Kuijaribu ni hivi. Ivute polepole, ikikataa, usilazimishe, iache. Ikikubali, weka kasi ya nusu sekunde, bonyeza, sikiliza. Ikiwa nzima utasikia milio miwili yenye nafasi katikati. Ikiwa mafuta ya ndani yameganda, itakwama au itavuta kama mgonjwa. Kisha mita: bonyeza kitufe chake, elekeza kwenye jua kisha kivulini, uone kama sindano inacheza. Selenium nyingi za umri huu zimekufa. Ya babu sindano ilicheza kidogo, kwa uvivu. Kasi za haraka zilifanya kazi, za polepole zilikuwa na kigugumizi. Lenzi ilikuwa safi, na hilo lilinishangaza.

Sasa bei. Kijana alikuwa amenyamaza muda wote huo akisubiri neno hili tu.

Bei ya kitu si ile iliyoandikwa na anayeuza. Mtu anaweza kuandika milioni kwenye kiatu kimoja. Bei ni ile iliyolipwa. Kwa hivyo ukiingia eBay, usiangalie vilivyowekwa sokoni, chagua kuonyeshwa vilivyokwisha kuuzwa. Tafuta kumi vya aina ile ile, hali ile ile, vyenye vitu vile vile vya kuandamana navyo. Toa cha juu kabisa na cha chini kabisa. Angalia vilivyobaki. Minox B inayofanya kazi, yenye mkufu na kijifuko, kwa kawaida huenda kati ya dola 50 na 200, na nyingi hukaa karibu na katikati au chini yake. Ya Riga ni mamia ya dola. Hit za Kijapani ni dola makumi machache. Zile za dhahabu na za Kisovieti ni habari nyingine kabisa, na huku sijawahi kuziona kwa macho.

Tuseme dola 100. Kwa kiwango cha karibu shilingi 130, ni 13,000. Ondoa makato ya mtandao, ondoa posta ya kufuatilika mpaka Ulaya, ondoa woga wa mnunuzi ambaye hajawahi kununua kitu kutoka Malindi na atataka apunguziwe kwa woga huo. Hapo ukibaki na 8,000 au 9,000 mkononi umefanya vizuri. Ukipata mkusanyaji humu humu nchini, utapata zaidi, maana hakuna posta ya nje.

Nikamwambia kijana: broka wa 3,000 anataka kukulalia. TikTok wa 400,000 hana kamera wala pesa. Ukweli uko kwenye elfu kumi na kitu, ukiwa na subira.

Aliangalia chini. Nadhani moyoni alishalipa karo na zile laki nne. Na hapa ndipo ninapowakasirikia wenzangu wa video. Tunapomdanganya mtu kwamba kitu chake ni milioni, hatumpi furaha ya bure. Anakataa bei ya haki ikija. Anaweka kamera kabatini miaka mingine mitano, kuvu inakula lenzi, halafu siku ya shida anampa broka kwa 3,000 zile zile. Anayempandisha matumaini na anayemnyonya wanasaidiana bila kujuana.

Lakini yule wa 20,000 je? Huyo ndiye aliyenikosesha usingizi. Kwa nini mtu atoe karibu mara mbili ya bei ya soko, na sharti moja tu: msifungue?

Nikamwomba kijana anionyeshe mazungumzo yao. Swali la kwanza la yule mnunuzi halikuwa kama inafanya kazi. Lilikuwa: kidude cha kuhesabia picha kimefika namba ngapi? Swali la pili: kuna filamu ndani? Hapo nikaelewa. Huyu hanunui kamera. Wapo watu duniani wanaonunua kamera za zamani zenye filamu ambayo haijasafishwa, wanaisafisha wenyewe, wanaziweka picha mtandaoni, watu wanatazama sura za wasiowajua. Ni biashara halali na wengine huifanya kwa heshima. Ila kilichokuwa kikinunuliwa pale kwa elfu kumi za ziada kilikuwa chochote yule Mwitaliano alichokipiga mara ya mwisho nyumbani kwake. Na nyumbani kwake ndiko babu alikofanya kazi miaka 20.

Nikamweleza babu. Akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu asubuhi: "Yaani ndani yake kuna picha?"

"Huenda, babu. Hatuwezi kujua."

Akaingia ndani. Akarudi na bahasha ya plastiki iliyokuwa chini kabisa ya sanduku lake, akasema hii pia ilikuwa kwenye kile kifuko, yeye alidhani ni takataka za kamera. Zilikuwa negativu. Vipande vyembamba vya filamu nyeusi na nyeupe, upana wake hata sentimita moja haufiki.

Fanyeni hivi mkikutana nazo, haina gharama. Chukua simu moja, fungua ukurasa mweupe, mwanga juu kabisa. Weka kipande cha plastiki nyeupe kinachopitisha mwanga juu yake ili vitone vya skrini visionekane. Shika negativu kingoni, usiguse uso wake, ilaze juu. Kwa simu ya pili piga picha ya karibu kadiri lenzi inavyokubali. Ukiweka kioo cha kukuzia mbele ya lenzi ni bora zaidi. Kisha kwenye programu yoyote ya kuhariri picha, geuza rangi, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi. Mambo yote yanatokea.

Picha nyingi zilikuwa za wageni wa yule bwana, samaki wakubwa waliovuliwa, mashua, mbwa. Hizo hatukuziposti na hatutaziposti, wenyewe hawakuniruhusu. Kwenye kipande cha nne kulikuwa na jikoni. Mwanamke kijana amekaa kwenye kinu kilicholazwa, amefunga leso kifuani, anacheka na mtu aliye upande wa pili, na mkononi ana mwiko. Nikageuza rangi, nikampa kijana simu. Hakumjua. Akampa babu.

Babu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema jina. Alikuwa marehemu mkewe, nyanya wa huyu kijana, aliyefariki kabla kijana hajazaliwa. Kwenye nyumba ile kulikuwa na picha yake moja tu, ya kitambulisho, na uso wenyewe ulishaanza kufutika.

Sikurekodi. Nawaambia kwa sababu najua mtauliza video iko wapi. Haipo.

Mjadala haukuishia hapo, na msidhani kila mtu alikubaliana. Kijana alisema, na alisema kwa adabu, kwamba negativu tayari tunazo, picha ya nyanya tumeipata, sasa filamu iliyo ndani ya kamera ya nini? Pengine ni samaki tu. Pengine imeungua zamani. Elfu kumi za ziada ni elfu kumi, na chuo hakipokei kumbukumbu. Sitamcheka kwa hilo. Ukiwa na barua ya chuo mkononi na tarehe inakaribia, elfu kumi si kitu cha kuchezea, na mimi niliyekwenda pale na nauli yangu ya kurudi mfukoni sina mdomo wa kumfundisha mtu thamani ya pesa.

Babu akamjibu: "Na kama ndani yumo nyanyako? Utamuuza kwa mtu asiyemjua hata jina?"

Kamera ni ya babu. Basi.

Tukaitoa kaseti. Kaseti ya Minox ina vyumba viwili vilivyoungana, filamu inatoka kimoja na kuingia kingine, kwa hivyo ukifungua kamera, mwanga unaharibu kile kipande cha katikati tu. Bado tulifanya ndani ya chumba chenye giza, chini ya blanketi, kwa kupapasa. Tukaifunga kwenye karatasi ya fedha ya kufungia chakula, tukaandika juu tarehe na neno moja: usifungue. Kwenye chumba cha filamu ndipo pia ilipo namba ya utengenezaji, na ilianza na laki sita, kama Minox B inavyotakiwa. Kila kitu kikalingana.

Filamu nyeusi na nyeupe ya miaka mingi hivyo inaweza kutoa picha, na inaweza kutoa ukungu mtupu, hasa kwa joto letu. Kuisafisha kunahitaji mtu mwenye vifaa vya saizi hiyo, na sijampata huku pwani. Itakaa kwenye mkebe mpaka tumpate. Hakuna haraka, imesubiri muda mrefu.

Kamera tuliiuza baada ya wiki sita kwa mkusanyaji wa Nairobi, na mkufu na kijifuko chake, bila filamu, na kasoro zake zote tumezitaja kwenye tangazo: kasi za polepole zinagugumia, mita ni mvivu. Shilingi 11,000, zikaingia kwenye M-Pesa ya babu. Kijana alijazia na kibarua cha mwezi mmoja, akaanza chuo muhula uliofuata, si ule aliokuwa ameutaka. Alichelewa miezi minne. Nayaandika haya wazi ili mtu asije akasema kwamba kumbukumbu haina gharama. Ilikuwa na gharama, na kijana ndiye aliyeilipa.

Kuna wanaoniuliza kwa nini sikuinunua mimi. Kwa sababu mwenye kupima hafai kuwa mwenye kununua. Nikishakwambia bei halafu nikatoa pochi, neno langu limekufa. Fundi, broka, mtu wa video, yeyote anayekwambia "hii haina thamani sana, lakini nitakusaidia, nitaichukua", mshukuru, mrudishie maji yake aliyokunywa, ukaulize kwingine.

Jambo moja la sheria, maana wengi huogopeshwa nalo. Mabroka hupenda kusema "hiki ni kitu cha makumbusho, ukikamatwa nacho utafungwa, afadhali niuzie mimi". Sheria yetu ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inapozungumzia vitu vya kale, inazungumzia vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kamera ya miaka ya 1960 haimo. Mlango wa kuchonga wa babu wa babu yako ni hadithi nyingine, huo usiuguse kabla hujauliza.

Kwa hivyo kama juu ya kabati lenu kuna kidude cha aina hii, nitumie picha sita: mbele, nyuma, juu, chini, imefunguliwa kwa kuvutwa, na maandishi yote kwa karibu. Niambie ilitoka kwa nani na kama mita inacheza. Kidude cha kuhesabia picha usimwambie mtu mtandaoni kimefika ngapi, hata mimi. Kabla ya kuniandikia, muulize mzee wa nyumba kama kuna bahasha, mkebe au kikaratasi chochote kilichokuja pamoja na kamera, na msikitupe.

Bei nitakwambia bure. Ukiona nimekwambia kidogo kuliko TikTok, usikasirike, nenda kaangalie vilivyouzwa kisha urudi tubishane.